Nundu ya Bosi

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi moja: kumpeleka mdogo wangu dirishani, kumvua kofia na kumtazama macho kwenye mwanga. Tulimwita Bosi, kwa sababu tangu azaliwe hakuna aliyelala bila ruhusa yake. Alikwama wakati wa kuzaliwa, daktari akamvuta kwa kikombe maalumu kinachonata kichwani, nacho kikamwachia nundu. Mkunga alitueleza kwamba ile ni damu iliyovia chini ya ngozi, itaisha yenyewe, tusiikande. Ila macho yakiwa ya manjano, tumrudishe hospitali upesi. Mama alikuwa bado na maumivu, hivyo kazi ya macho nikapewa mimi.

Tatizo ni kwamba dirisha letu linatazama njia ya shule. Niliogopa wenzangu wakiiona nundu watanicheka mwaka mzima. Siku ya kwanza nilichungulia harakaharaka. Siku ya pili na ya tatu nilivuta pazia, nikamwambia Mama macho ni safi.

Siku ya nne Bosi hakulia. Hata kunyonya alikataa, akalala tu. Nilifungua pazia nikamfumbua macho: yalikuwa ya manjano. Nilimweleza Mama ukweli wote huku nikilia. Hakunigombeza. Alimwita Baba, fundi cherehani, naye akaiacha suruali ya mteja ikiwa na mguu mmoja, tukaondoka mbio.

Mkunga aliuliza manjano yameanza lini. Wote wakanitazama mimi.

"Sijui," nilisema. "Siku mbili nilidanganya. Sikumtazama."

Bosi alipimwa damu, akawekwa chini ya taa ya buluu ya kuondoa manjano, macho yamefunikwa, nepi tu mwilini, amejinyoosha kama tajiri aliye likizo. Baada ya siku mbili alipasua wodi kwa kilio. Sijawahi kufurahia kelele namna ile. Hata Baba alicheka mpaka akafuta machozi.

Siku ya kuondoka mkunga aliniketisha, akaniwekea Bosi mapajani.

"Mwanangu, nundu si aibu. Mdogo wako alisaidiwa kuzaliwa, basi. Uongo wako ndio uliotaka kumdhuru, na ulipousema ukweli tukajua la kufanya. Jambo la afya liseme, hata likikuaibisha."

Nilimwomba anionyeshe upya jinsi ya kumkagua, na safari hii nilisikiliza.