Msumeno wa Saa Tisa na Dakika Ishirini

Visiki viwili vilikutwa Jumatano, tarehe 10 Oktoba 2001, saa moja asubuhi, katika bonde la juu la msitu wa Kwemhunde, nusu saa kwa miguu kutoka Gare. Aliyevikuta ni Hamisi, mlinzi wa zamu ya asubuhi. Mikulo miwili, miti ya kafuri minene kiasi kwamba watu watatu wakishikana mikono hawaizungushi, ilikuwa imeangushwa na magogo yake hayakuwepo tena. Yalibaki matawi, unga wa mbao uliokuwa bado ukinukia kafuri, na alama za matairi ya lori.

Saa nne kasorobo Koplo Husna Shemzigwa wa upelelezi Lushoto alikuwa amechutama kando ya kisiki kimoja, anapima kwa futi ya fundi cherehani. Husna alikuwa na ugonjwa mmoja ambao wenzake ofisini waliuzoea: hakuweza kuona kitu asichokijua bila kuuliza ni nini. Aliuliza jina la mti, aliuliza lori la tani ngapi hupita njia ile, na alipoona waya mweusi umepanda juu ya mti wa jirani, akauliza na huo ni wa nini.

Mzee Tobia, mkuu wa kituo cha utafiti wa ndege kilichokuwa ndani ya msitu huo, alimjibu kwa upole wake wa siku zote. Kule juu, alisema, kuna kipaza sauti. Waya unashuka hadi kituoni, kwenye kompyuta ya kupakata inayotumia umeme wa jua. Inarekodi sauti za ndege mchana kutwa, faili moja kila saa, na kila faili ina muda wake.

"Basi imerekodi na msumeno," Husna alisema.

Mzee Tobia, kama mtu ambaye jambo hilo halikuwa limemjia, akasema huenda.

Wakaenda kusikiliza. Husna akavaa vipokea sauti vya masikioni, akafungua daftari. Faili za Jumanne zilikuwa tisa. Ya kwanza iliandikwa 9:00, ya mwisho 17:00. Akauliza kwa nini tisa, wakati siku nyingine zote zilikuwa na faili kumi na mbili, tangu saa kumi na mbili alfajiri. Mzee Tobia akaeleza kwamba Jumanne ilikuwa na mawingu, sola ikawa dhaifu, mashine ikachelewa kuamka. Ilikuwa kweli kulikuwa na mawingu. Husna akaandika.

Katika faili ya 15:00 alisikia kwanza kengele kwa mbali, akaiandika akidhani ni ya shule. Mapigo matatu, kimya, matatu, kimya, matatu, kisha mengi mfululizo. Ndege wakaendelea. Ilipofika 15:20, yaani saa tisa na dakika ishirini alasiri, misumeno miwili ya mota ikaanza kulia. Ikalia kwa zaidi ya saa nzima, miti ikaanguka kwa kishindo, na saa kumi na dakika arobaini na tano lori likaondoka.

Zamu ya alasiri, kuanzia saa nane hadi saa moja jioni, ilikuwa ya Nathanaeli.

Nathanaeli alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na minne, mwembamba, mkulima wa kabichi na mlinzi wa msitu kwa mwaka wa saba. Alipoulizwa alisema siku ile hakutembelea bonde la juu. Mzee Tobia alimwachia maagizo akae getini amsubiri mtafiti mgeni, na mgeni hakutokea. Je, alisikia misumeno? Hapana. Husna akamtuma askari mmoja bondeni apige panga kwenye gogo, naye akasimama getini. Mlio ukafika waziwazi. Panga linasikika, misumeno miwili isisikike?

"Afande, sikusikia," Nathanaeli alisema. "Ningesikia ningekwenda."

Kuhusu Mzee Tobia, Husna hakuhitaji kumuuliza alikuwa wapi. Jumanne saa tisa na robo mzee huyo alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi yake mwenyewe Lushoto, amekuja kutoa taarifa ya kupotelewa na leseni ya pikipiki, na Husna ndiye aliyemwandikia kwa mkono wake. Shahidi gani bora kuliko huyo? Saa nane mchana Nathanaeli akateremshwa Lushoto na kuwekwa ndani kwa kosa la kushirikiana na wezi wa mbao. Kesi ya namna ile ilikuwa na kifungo cha miaka, na kwa umri wake miaka hiyo ingekuwa ndiyo iliyobaki yenye nguvu.

Ijumaa Husna akapanda Gare kuandika maelezo ya mke wa Nathanaeli, Mama Jenoveva. Hakuwa na mashaka yoyote, alikuwa anakamilisha jalada tu. Akapiga hodi, akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba iliyotoka kwa shida. Wakakaa nje, mama akichambua maharage, akieleza kwamba mume wake mwezi wa nane alirudi nyumbani amekasirika, akasema kuna mtu kamwomba jambo la msituni naye kalikataa, ila jina hakulitaja.

Katikati ya sentensi mama akakatisha, akaweka ungo chini, akasimama na kufanya ishara ya msalaba. Kengele ya misheni ilikuwa inalia. Mapigo matatu, kimya, matatu, kimya, matatu, kisha mengi mfululizo.

Husna, ambaye alikulia Mlalo katika nyumba ya Kiislamu na hakuwahi kukaa jirani na misheni, alisubiri mpaka mama akamaliza kusali. Kisha akauliza, maana hakuweza kujizuia, ile ni kengele ya nini. Mama akamwambia ni ya sala ya Malaika wa Bwana. Hupigwa alfajiri, saa sita mchana na jioni.

"Na saa tisa?"

"Saa tisa hakuna kengele, mwanangu. Saa tisa watu wako shamba."

Husna akatazama saa yake ya mkononi. Saa sita na dakika mbili. Akafungua daftari kwenye ukurasa wa Jumatano na kukuta maandishi yake mwenyewe, kengele tatu tatu, 15:00. Kama kengele ile ililia saa sita kamili, misumeno ililia saa sita na dakika ishirini, lori likaondoka saa saba na dakika arobaini na tano, na Nathanaeli alipofika getini saa nane palikuwa pametulia kabisa. Asingesikia chochote hata angekuwa na masikio ya sungura.

Saa saba kasorobo alikuwa kituoni, mbele ya Lusajo.

Lusajo alikuwa fundi wa kompyuta wa mradi, kijana wa Tukuyu mwenye miaka ishirini na minane, na tangu Jumamosi hadi Jumatano mchana alikuwa Mponde kwenye tamasha la kwaya. Aliposikia kwamba mashine yake ilikosea kwa saa tatu kamili, aliudhika kama mpishi aliyeambiwa wali wake mbichi. Akaiwasha pale pale. Saa ilikuwa sawasawa, kwa dakika.

Husna akamwambia amweleze mashine inavyolala na kuamka, aeleze kama anamweleza bibi yake. Lusajo akavuta kigoda. Umeme wa jua ni haba, alisema, kwa hiyo mashine hulala jioni na kujiamsha alfajiri. Ndani ya Linux, programu inayoendesha mashine, kuna kiini kinachoitwa kerneli, ndicho kinachoamuru kila kitu, na kabla ya kukiunda unapewa orodha ndefu ya maswali, moja moja, uchague ndiyo au hapana. Sehemu nzima ya orodha hiyo ni ya kutunza umeme: izime kioo? ipunguze mwendo? iruhusiwe kulala?

"Ikilala, nani anashika saa?" Husna akauliza.

Lusajo akamtazama kwa heshima mpya. Mashine ina saa ndogo ya ndani yenye betri yake, alisema, haizimiki. Kerneli ikiamka huiuliza ile saa ndogo ni saa ngapi. Na katika orodha kuna swali moja: je, saa ya ndani imewekwa kwa saa za Greenwich? Ya hapa imewekwa kwa saa za Tanzania, kwa hiyo jibu lake ni hapana. Ukijibu ndiyo, kerneli inadhani ile ni saa ya Uingereza, iliyo nyuma ya yetu, inaongeza...

Akaitazama tena saa iliyo kwenye kioo.

"Inaongeza saa tatu," alimalizia taratibu.

Saa ya kulala nayo ingewahi, akaongeza. Mashine imeagizwa kulala saa kumi na mbili jioni. Ikijidhania ni saa kumi na mbili kumbe ni saa tisa, inalala. Kuanzia alfajiri hadi saa tisa alasiri ni muda wa saa tisa tu, faili tisa, mawingu au pasipo mawingu.

Kwa dakika kadhaa Husna alimtilia shaka Lusajo mwenyewe, na hakumficha. Nani mwingine angejua jambo kama hilo? Lusajo akaanza kubonyeza. Orodha ya majibu huhifadhiwa katika faili, na ukibadilisha, ile ya zamani huwekwa kando. Akazilinganisha mbili hizo. Zilitofautiana mstari mmoja tu. Katika ile ya zamani, swali la Greenwich lilikuwa hapana. Katika mpya, ndiyo. Na kwenye orodha ya kuwashia mashine palikuwa na kerneli mbili, ya kwake na nyingine ambayo mtu aliipa jina la "jaribio", iliyoundwa Jumapili tarehe 7, saa saba na nusu mchana. Aliyetaka angeiwasha hiyo Jumanne peke yake, na Jumatano akarudisha ya kwanza. Jumapili hiyo Lusajo aliimbisha kwaya mbele ya wafanyakazi wa chai wapatao mia mbili.

"Neno la siri analijua nani?"

"Mimi na Mzee Tobia." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mzee alikuwa anapenda kujifunza, afande. Kila swali la orodha ile aliniuliza maana yake, jioni baada ya jioni. Nilifurahi kweli kupata mtu anayeuliza."

Husna akamwita Hamisi na kumuuliza mambo mawili. La kwanza, Jumanne saa sita alikuwa wapi? Mombo, alisema Hamisi, Mzee Tobia alimtuma asubuhi na mapema akafuate betri za sola. La pili, Jumapili jenereta ya kituo iliwaka? Iliwaka, tangu saa nne hadi karibu saa nane, mzee akasema anachaji. Kuunda kerneli kwenye mashine kuukuu kama ile, Lusajo alikuwa amekwisha kumweleza, huchukua saa tatu na zaidi, na sola haiwezi kuibeba.

Mzee Tobia alirejea saa kumi jioni. Husna alimpisha kiti, akamwamkia, naye akaitikia. Kisha akamwambia kwamba misumeno ililia saa sita na dakika ishirini.

Mzee akatabasamu. Mashine imesema saa tisa, alijibu, na mashine haina ndugu wala rafiki.

"Mashine ilisema ilichoambiwa Jumapili," Husna alisema. "Kengele ya misheni haikuambiwa. Hamisi ulimtuma Mombo, Nathanaeli ulimfunga getini amsubiri mgeni ambaye hakuwepo, na wewe ukaja kukaa kwenye benchi langu ili niwe shahidi wako. Leseni haikupotea, Mzee Tobia. Iko wapi?"

Mzee alimgeukia Lusajo, akasema fundi ni huyu, aulizwe huyu. Lusajo akaigeuza mashine ili mzee auone mstari ule mmoja.

Mzee Tobia aliutazama muda mrefu, kisha akavua miwani. Alisema, kwa sauti ile ile ya upole, kwamba mwaka tisini na nne, shirika la umma alilolitumikia miaka kumi na tisa lilipobinafsishwa, alipunguzwa kazini kwa barua ya mistari minne. Sasa mradi huu nao ulikuwa unafungwa Desemba. Hakuwa tayari kupunguzwa mara ya pili akiwa mikono mitupu. Mfanyabiashara mmoja wa mbao alimwahidi ubia katika mashine yake ya kupasulia, kwa mikulo miwili.

"Na Nathanaeli alikukosea nini?" Husna aliuliza. Hasira ilikuwa imempanda, na hakujali kama inaonekana.

"Mwezi wa nane nilimwomba afumbe macho siku moja tu. Akakataa. Nikaona miti ikikatwa atanitaja yeye kabla ya mtu yeyote." Akafuta miwani kwa ncha ya koti. "Ikabidi awe mtuhumiwa, ili atakachosema kionekane cha kujitetea."

Saa kumi na mbili jioni alikuwa ndani. Leseni ilikuwa katika mfuko wa ndani wa koti lake.

Jumamosi asubuhi Husna alifungua mlango wa mahabusu mwenyewe, akamkabidhi Nathanaeli viatu vyake, mkanda, na karatasi yenye mhuri inayosema hana kosa. Nathanaeli aliisoma yote, akaikunja.

"Nilipokuambia sikusikia," aliuliza, "uliniamini?"

Husna angeweza kusema alikuwa na mashaka tangu mwanzo. Watu wengi wangesema hivyo.

"Hapana, mzee," alisema. "Niliiamini mashine. Nisamehe."

Nathanaeli akatikisa kichwa, akamrudishia karatasi.

"Gare hawasomi mihuri, afande. Ulikuja kunichukua mchana, watu wakinitazama. Unirudishe mchana, watu wakitazama."

Jumamosi ni siku ya gulio Gare. Ilipofika saa tano na nusu, Koplo Husna Shemzigwa, akiwa na sare kamili na kofia kichwani, alipita katikati ya akina mama wa kabichi na pilipili hoho akimfuata Nathanaeli nyuma kwa hatua moja. Kelele za sokoni zikapungua mpaka zikaisha. Mama Jenoveva alikuwa amesimama upande wa pili, mkono mdomoni. Husna akavua kofia, akasema kwa Kishambaa, kwa sauti ya kusikika na walio mbali, kwamba mtu huyu hakuiba, hakushirikiana na aliyeiba, na kwamba aliyekosea ni yeye.

Nathanaeli alisubiri hadi neno la mwisho. Ndipo akavuka kwenda kwa mke wake.