Sauti Ndani ya Pete

Vaileth alinyoosha kidole, na shelfu iliyofika darini ikasomeka yote. Pete aliyovaa ilirusha mwanga wa bluu, ukapanda juu ya mistari myeusi ya utambulisho ya kila boksi, kisha sauti ndogo ikamnong'oneza sikioni kilichoandikwa humo na idadi yake. Wabebaji, zile mashine za magurudumu zinazohamisha mizigo bila dereva, walisimama kumpisha kama anapita bibi harusi.

Nyuma ya shelfu Atuganile alimchungulia, Bastola, mashine ya kusomea yenye umbo la bunduki ndogo, ikimchosha mkono. Bastola nayo ilisoma mistari, lakini ilikuwa nzito, na ilitaka uisogeze mpaka karibu iguse boksi. Ghala la reli la Makambako lilitaka kuchagua moja kati ya hizo mbili kwa wahesabuji wote. Mama Mligo, msimamizi, aliwapa hao wawili wazijaribu kwa sababu hakukuwa na jozi iliyoelewana kama wao.

Kwa nini Pete apewe Vaileth? Kidole chake yeye Atuganile kina kasoro gani?

Ghalani hapo kuhesabu kulikuwa kubisha hodi. Mmoja husoma mistari mbele na kuita, "Hodi, sukari!" Mwenzake nyuma hulipiga boksi kofi, maana mistari husomeka hata boksi likiwa tupu. Likilia zito, hujibu, "Karibu, ipo!" Likilia kama ngoma, "Haipo, rudi kwenu!" Hapo wote wawili hucheka, kila siku, kama jambo jipya.

"Atu, njoo usikie inavyoninong'oneza," Vaileth aliita. "Utacheka!"

"Cheka nayo mwenyewe. Si ndiyo shoga yako siku hizi?"

"We! Unaionea wivu pete?"

"Pete ina mwenyewe. Mie nina kazi."

Toka hapo Atu akanyamaza. Vaileth alibisha hodi kwa mafuta, hodi kwa unga, kimya. Mwishowe akawa anazunguka mwenyewe kuyapiga maboksi. Atu aliumia, lakini hakufungua mdomo, alitaka abembelezwe. Badala yake akaanza kumsikia mwenzake anacheka peke yake upande wa pili. "Asante, mwaya," Vaileth alisema, na hapakuwa na mtu. Moyo wa Atu ukawaka. Hata "mwaya" ile ilikuwa yake.

Siku ya kuchagua, Mama Mligo aliwakusanya wahesabuji, na fundi aliyezileta mashine akasimama pembeni.

"Badilishaneni," Mama Mligo alisema. "Nataka kuona kwa mkono mwingine."

Vaileth akasita. "Mama, si lazima..."

"Ivue!" Atu alidakia, mkono umeshanyooshwa.

Pete iliingia ikiwa na joto la kidole cha mwenzake. Atu akapiga boksi kofi. "Hodi, chumvi!"

"Karibu, ipo!"

Atu akageuka nyuma. Hapakuwa na mtu. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, na kicheko chake kile cha zamani mwishoni.

"Ifungulie sauti wasikie wote," Mama Mligo alimwambia fundi.

Ghala zima likamsikia Atu akijibu, naye amefumba mdomo.

"Pete hujifunza kwa kusikia," fundi alieleza. "Siku za mwanzo ilisikia makofi ya Atu na majibu yake. Inajua boksi zito linavyolia na tupu linavyolia. Mwenzako akinyamaza, inakuuliza: nimjibie?"

"Iliniuliza," Vaileth alisema, macho chini. "Nikasema ndiyo. Upo hapo, Atu, halafu haupo. Ningefanyaje?"

Kumbe Atu alikuwa akijionea wivu mwenyewe. Alitaka kucheka, lakini akamwona Mama Mligo anaitazama Pete, kisha yeye, kisha jozi nyingine zilizosimama wawili wawili.

"Kwa hiyo mtu mmoja anatosha," Mama Mligo alisema taratibu.

Pete ikachaguliwa. Katika kila jozi akabakizwa mmoja, na kwa jozi yao akabaki aliyeizoea, Vaileth.

"Usinichukie, mwanangu," Mama Mligo alimwambia Atu. "Kazi yako tunaijua. Na sauti yako tunayo."

Atu alibeba kanga yake na bakuli lake la chakula. Alipofika getini akasikia Vaileth anapaza sauti kuliko kawaida, uso ameuelekeza nje.

"Hodi, sukari!"

Atu akaweka bakuli chini, akavuta pumzi ajibu. Kabla hajafungua mdomo, alimwona Vaileth anaitikia kwa kichwa, ameshajibiwa na Pete, anahamia boksi linalofuata.