Mabomba ya Ubavuni

Mabomba yalikuwa na joto kabla hayajafungwa popote. Usikimbilie kusema ni jua. Ilikuwa asubuhi ya Julai, mwaka wa sabini na mbili, Voi nzima imejikunyata ndani ya masweta, na mabomba yenyewe, mawili, marefu, yanang'aa kama meno ya tajiri, yalikuwa yametolewa sasa hivi kwenye sanduku lililokuja na treni kutoka Mombasa. Ambrose aligusa moja, akavuta mkono, akaupangusa kwenye ovaroli.

"Vipi fundi, limekuuma?" Donald akamuuliza.

Donald ndiye mwenye gari. Karani wa mkonge huko Mwatate, kichwa kikubwa kuliko kofia. Mzungu mmoja alipofunga virago kurudi kwao, Donald akanunua spoti yake nyekundu, milango miwili, haina paa, gari ambalo hata mbuzi wa Voi walilipisha njia. Sasa alitaka ekzosi itoke chini ya tumbo ije ubavuni, bomba moja kila upande, chini ya mlango, bila sailensa, ingurume kama magari ya mashindano ya Pasaka.

Fundi mwingine angeuliza tu anataka lini. Lakini Ambrose alikuwa na mke.

Mkamburi, mkewe, alipokuwa msichana alikuta lori lisilo na sailensa likinguruma sokoni Mwatate. Akaanguka, akaanza kunguruma pamoja nalo. Wadawida, watu wa kwao, huuita ugonjwa huo saka, pepo anayeingia na sauti. Walimpigia ngoma kwao Wusi mpaka pepo akakubali kulala, kwa sharti moja. Siku ya harusi shangazi yake, Zipporah, akamvuta Ambrose kando. "Wewe ni fundi, mwanangu. Gari lisilo na sailensa lisiwake uani kwako. Likiwaka, usiseme hukuambiwa." Ambrose akaahidi, na ahadi akaishika, hadi watu wakamwita Bwana Sailensa.

"Bwana Sailensa," Donald akasema akichezea ufunguo, "ama nipeleke kwa fundi asiyeomba ruhusa jikoni?"

Wanaume wamezikwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

"Nishikie jeki," Ambrose akasema.

Akakata ekzosi ya zamani, akachomelea shingo mbili za mabomba chini ya injini, akafunga vishikilio kwenye chesi. Kila alipozima moto wa kuchomelea alisikia harufu ya udi, ule wa harusini, ikitoka kwenye chuma ambacho hakijawahi kupitisha moshi. Akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba la kulia. Likamvuta, taratibu, kama ndama anavyonyonya kidole.

"Donald, umewasha?"

"Niwashe na nini? Ufunguo si huu hapa?"

Ambrose akaenda jikoni, nyuma ya gereji. Mkamburi alikuwa akimenya mihogo, na kooni mwake kulikuwa na mvumo mdogo ambao yeye mwenyewe hakuusikia.

"Mama Elsie, nenda sokoni. Nataka samaki."

"Leo? Samaki watoke wapi, Baba Elsie?"

"Basi nyama. Kaa huko na rafiki yako Jerusha mpaka jioni, mpige porojo."

Mkamburi akaweka kisu chini. "Hiyo gari ya Donald ina sailensa?"

"Iko nayo."

Akachukua kikapu. Ambrose akamtazama mpaka alipopita geti, akarudi, akamwambia Donald washa.

Gari likawaka. Mabati yakatetemeka, kuku wa jirani wakapanda ukuta, Donald akakanyaga mafuta huku anacheka kama mtu aliyeshinda kesi. Kisha akazima.

Ngurumo haikuzima.

"Toa ufunguo," Ambrose akasema.

"Nimetoa."

Ambrose akachomoa waya wa betri. Ngurumo ikaendelea, ile ile, ikipanda na kushuka, na ilikuwa haitoki kwenye gari. Akatembea kuelekea jikoni, akaona kwanza kikapu kimelala mlangoni pa nyuma, kitupu, halafu akamwona Mkamburi amesimama kati ya mihogo, mikono imening'inia, mdomo wazi kabisa bila ulimi kusogea, na ndani ya mdomo huo injini ya Donald ikiunguruma, na moshi mwembamba wa udi ukimtoka puani.

Donald akatumwa Wusi na pikapu ya gereji kumleta Zipporah. Hakubishana. Kutwa nzima Ambrose alikaa na mkewe sakafuni, akimpangusa uso kwa kitambaa kibichi kilichokauka papo hapo, midomo yake ikipasuka kwa joto, na majirani waliochungulia wakarudi kufunga milango yao. Jua lilikuwa likishuka Zipporah alipoingia. Hakumgombeza. Hilo lilimtisha Ambrose kuliko matusi.

"Hilo pepo liliingia kwa bomba, litatoka kwa bomba," akasema kwa sauti ya chini. "Utawasha gari tena. Lakini pepo halitoki peke yake, sikia vizuri. Litamtanguliza Mkamburi nje, kisha lifuate. Mimi nitamwita arudi, nalo libaki huko. Akisharudi nitagonga boneti. Ukizima kabla sijagonga, njia inafungwa, na kila mmoja atabaki pale alipo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

"Usisikize kitu kingine."

Wakamlaza Mkamburi mbele ya gari, Donald amemshika miguu, macho ameyafumba. Ambrose akarudisha waya, akaketi, akakanyaga. Zipporah akapiga funda la maji ya miwa, akatasa kama wazee wanavyotambika, akayapuliza usoni mwa Mkamburi akitaja jina lake na majina ya kina nyanya wote wa Wusi, kisha akamziba mdomo kwa kiganja, na mabomba yakalia, na harufu ya udi ikawa nzito hadi Ambrose akahisi anaimeza, na mguu wake haukuinuka kwenye pedali, na ndani ya kelele zile, karibu kabisa, chini ya mlango wa kulia, akasikia:

"Baba Elsie. Zima. Naungua."

Akauma meno.

"Baba Elsie, tafadhali. Ni mimi. Umenichoma mkono. Umenichoma uso. Nimekukosea nini?"

Hiyo ilikuwa sauti ya mkewe, ya kitandani, ya siku ambayo Elsie alizaliwa, hakuna jini anayeweza kuigiza vile, na hapo alikuwa sahihi. Akainua mguu. Akazima.

Uani kukawa kimya. Hata Mkamburi pale chini alikuwa amenyamaza, kifua kikipanda na kushuka vizuri, na Donald akaanza kushukuru Mungu kwa kunong'ona.

Zipporah hakuinuka. "Nani amekuambia uzime?"

"Yeye. Ameniita, shangazi."

"Mdomo wake nimeuziba mimi."

Ambrose akazungusha ufunguo. Akazungusha tena. Injini haikukohoa hata kidogo. Na kutoka ndani ya bomba la kulia, mbali, kama mtu aliye chini ya kisima, Mkamburi akauliza:

"Umezima? Basi mbona huku ni giza?"

Zipporah akaondoa kiganja haraka, kama aliyegusa jiko. Chini yake, ule mdomo ulikuwa unacheka.