Sauti Ndani ya Pipa la Mafuta

Asubuhi ile gia ya kwanza ilizama kwenye pipa la mafuta bila kulia. Fundi wa tanuri alisimama na koleo mkononi, akasubiri. Chuma chekundu kikiingia kwenye mafuta hupiga kelele na kufuka moshi. Hiki kilitulia tuli, kama kimepokewa na mikono. Kisha sauti ikatoka pipani, taratibu.

"Hiyo imeiva, baba."

Ilikuwa sauti ya binti yake, waliyemzika wiki sita zilizopita baada ya homa ya siku tatu.

Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka minne katika karakana ile. Moto ulishamharibu mzee macho, kwa hiyo binti ndiye aliyeitazama rangi ya chuma na kumwambia lini akitoe tanurini. Sasa sauti ikawa inamtazamia. Gia zilitoka ngumu, tupa ikiteleza kwenye meno yake bila kuacha alama, na mzee akawa anawahi kazini, anafunga mlango, anapiga soga na pipa. Nyumbani hakumwambia mtu. Mwezi ukapita. Alikonda, vidole vikawa baridi hata mbele ya tanuri, na nguo zake zikashika harufu ya nywele zilizoungua ambayo sabuni haikuitoa.

Mchana mmoja, mlango ukiwa wazi, mkewe alimletea chakula. Pipa lilikuwa bado linafuka, gia sita zimo, likamwita, "Mama, sogea unione," naye akaangusha bakuli, akaenda, akainama, akainama zaidi, ncha ya kitambaa chake cha kichwani ikagusa mafuta ya moto, na bado sauti ikambembeleza asogee kidogo tu, kidogo tena, mpaka mumewe alipomkamata kiunoni akamvuta, na humo ndani kitu kikacheka kwa koo ambalo halikuwa la mwanadamu.

Mganga waliyemwita alinusa pipa, akasema ni jini wa moto aliyevaa sauti ya marehemu. Ubani peke yake usingemtoa. Baba alipaswa kumwambia kwa kinywa chake kwamba mwanawe amekufa. Neno hilo mzee hakuwa amelitamka hata siku ya mazishi.

Moshi wa ubani ulipopanda, sauti ikaanza kulia.

"Baba, usinifukuze. Huko nje kuna baridi."

Mzee alishika ukingo wa pipa. Ukamuunguza, hakuuachia.

"Mwanangu amekufa," akasema. "Nilimfukia mwenyewe. Wewe si yeye. Toka."

Mafuta yakatikisika mara moja, yakatulia. Ile harufu ikakatika.

Nyumbani, mkewe alimpaka dawa viganjani, akavifunga kwa kitambaa bila kumtazama usoni.

"Wewe umeongea naye mwezi mzima," akasema mwishowe. "Mimi nimemsikia mara moja."

"Hakuwa yeye, mke wangu."

"Najua." Akakaza fundo. "Ungeniachia walau siku moja."