Fundo Bichi la Havihavi

Harufu ndiyo iliyomfikia Rinah kwanza: mafuta machafu ya injini, na ndani yake shombo la mayai. Alikuwa ameinama kupita chini ya jani la mnazi la mwiko, alama ya kukataza watu kuvua wala kugusa mayai, lililofungwa fundo kwenye uzio wa vijiti, kama alivyofanya kila asubuhi tangu awe mlinzi wa kasa ufuoni Havihavi, kisiwani Isabel. Jani lilimpapasa shingoni, bichi na laini.

Kiota kilikuwa kimefukuliwa. Mayai yote yalikuwa humo, yamepasuliwa kwa jembe na kumwagiwa mafuta meusi, vitoto vimejikunja ndani ya ute. Rinah alitapika hapohapo.

Kilikuwa kiota cha mwisho. Magogo ya kampuni ya kukata miti yalikwisha kuziba nusu ya ufuo. Kasa waliopanda upande huo waliyagonga kwa vichwa, wakarudi baharini na mayai yao. Nusu iliyobaki ilikingwa na mwiko tu. Kampuni ilikubali kungoja hadi kiota cha mwisho kianguliwe, na sasa hapakuwa na cha kungoja.

Kijiji kizima kilimtaja Dudley, mla mayai. Rinah alimkuta akimenya viazi.

"Dada, mimi tena? Mwaka jana nilivunja jani nikala mayai, mjomba wako chifu akafunga jingine, mwiko ukaanza upya. Msimu mzima watu hawakuvua pale kwa ajili yangu! Mama mkwe ananisimanga hadi leo. Haya, huyo mwizi kayapeleka wapi mayai?"

"Kayaacha. Kayamwagia mafuta."

Dudley akatema mate. "Basi huyo hana njaa, ana laana."

Rinah akaenda kambini. Gideon, msimamizi wa magogo, alikuwa juu ya tingatinga.

"Mafuta ni yenu," Rinah alisema.

"Mafuta yapo kila penye injini, mama. Nikitaka kiota kiondoke, nishike jembe la nini? Hili linapita mara moja tu. Na vijana wangu hayo majani yenu wanayafyeka kama nyasi. Lako limekatwa?"

Rinah alikumbuka jani lilivyompapasa shingoni. Halikukatwa. Lilikuwa zima, tena bichi. Ilhali la mwanzo wa msimu lilikwisha kukauka likawa kahawia. Mtu alilifungua, akaingia, akaua, akafunga jingine kwa fundo lilelile. Na fundo lile alilijua mtu mmoja tu kijijini.

Mjomba wake, Chifu Moffat, alikuwa mbele ya kanisa, sala imekwisha, akiwahutubia watu. Gideon naye alikuja na tingatinga lake, kungoja neno la chifu.

"Kiota kimekufa, mwiko umekwisha," chifu alisema. "Tufanyeje? Magogo yapite."

"Mjomba, jani ulilifunga lini?"

"Mwanzo wa msimu. Si ulikuwepo?"

"Mbona bichi?"

Watu wakageuka. Chifu alitafuna popoo yake taratibu. "Mpwa wangu, usinivunjie heshima mbele za watu."

"Mtu wa kampuni angelikata. Dudley angelivunja. Nani ahangaike kufungua na kufunga tena, kama si mtu anayeuogopa mwiko?"

"Sikuvunja mwiko!" ikamtoka chifu. "Nilifungua kwa maneno ya mwiko, nikafunga kwa maneno yake. Sina kosa! Kampuni imenipa injini ya boti; ninyi hao kasa wenu wamewapa nini?"

Mama mmoja akasonya. Rinah alimtazama mjomba aliyemlea, akaona kinyaa.

"Ulifunga kwa maneno yake yote?"

"Yote! Mimi si mshenzi."

"Basi ni mwiko mpya. Fundo jipya, msimu mzima hapiti mtu. Ndivyo ulivyoamua kwa Dudley."

Dudley aliangua kicheko. "Pole, mzee! Mama mkwe wangu atakuja kukusalimia."

Gideon alikuna kichwa, akazima injini; bila neno la chifu hakuwa na njia ya kupita.

Hapo chifu akamnyooshea mpwa wake mkono, wapatane kama ilivyo desturi. Chini ya kucha zake kulikuwa na weusi wa mafuta, na ute wa mayai uliokauka. Rinah hakuupokea. Alichukua jembe, akarudi ufuoni kuwazika watoto wa kasa.