Honi ya Marehemu

Rafiki yangu mmoja, fundi wa magari, alioa mjane aliyekuja na gari la viti saba aliloachiwa na marehemu mumewe. Mke akiendesha peke yake, linanguruma vizuri. Fundi akikaa tu pembeni yake, linazimika. Alibadilisha plagi, chujio, hata pampu ya mafuta. Wapi!

"Labda linamlilia mwenyewe, fundi," mkewe alicheka, machozi yakimlengalenga. Tangu waoane alimwita "fundi" tu. Kumwonea wivu mtu aliye kaburini ni aibu, lakini moyo hauna adabu.

Alasiri moja alilifungia gari gerejini, akang'oa betri, akaiweka sakafuni, akajipenyeza uvunguni na tochi mdomoni. Tochi ikafifia, ikazima. Kwenye giza lile akasikia tik, tik, tik, kama injini inayopoa, ilhali gari halikuwashwa tangu jana. Kisha honi ikalia: mbili fupi, moja ndefu.

Fundi akapapasa sakafu. Betri ilikuwa pale pale, ubavuni mwake.

Kutoka jikoni mkewe akaitika, kwa sauti laini ambayo fundi hajawahi kuisikia:

"Abee, mume wangu! Nakuja."