Asali ya Mama Elda Yaingia Ovenini

"Nipimie asali vikombe vinne," Nidia Canché alimwambia muuzaji huku akijipepea kwa kiganja. "Mteja wangu hataki sukari kwenye keki. Natoa kikombe cha sukari, natia kikombe cha asali, kwisha."

"Kwisha kweli. Utakuwa umeoka mkaa, dada yangu."

Nidia akanyanyua macho. Soko la Mérida limefurika, joto halisemeki, na huyu kijana mwenye shati jeupe lililonyooshwa pasi anamcheka! Tena ni mzuri, jambo ambalo Nidia aliliona upesi kuliko alivyotaka.

"Kumbe wewe mwokaji?"

"Mimi Wilberth Poot, nauza asali. Palipo na kikombe cha sukari, tia robo tatu ya asali. Maziwa punguza, magadi weka chembe. Na moto uteremshe, asali huungua haraka."

"Ikiharibika?"

"Nipigie simu unitukane."

Keki ilitoka laini, rangi ya dhahabu. Nidia akapiga simu vilevile.

"Nimepiga nikutukane."

"Imeharibika?"

"Imetoka safi. Nakutukana kwa kunifanya nikuwaze mchana kutwa."

Tangu hapo simu zao hazikupoa. Jioni walitembea pamoja, Nidia ndani ya huipili yake, gauni jeupe lililodariziwa maua shingoni, Wilberth akimwita "mchokozi wangu."

Siku moja akamtia kichupa mkononi. "Asali ya nyuki wa mama. Ni yako." Mwanamume mwenye maneno tele ya magadi na maziwa, siku ya neno lenyewe akameza ulimi!

Kwao kina Poot, asali ya wale nyuki wadogo wasiouma, waliofugwa ndani ya magogo uani, haikuuzwa. Ilikuwa dawa, na walipewa watu wa nyumbani tu. Nidia, mtoto wa mjini, angejulia wapi? Alipoalikwa chakula cha Jumapili, akataka kumfurahisha Mama Elda, mama yake Wilberth. Akaoka keki kwa asali ileile na vipimo vilevile alivyofundishwa. Lakini asali ile ni nyepesi mno, na keki ikabaki ujiuji katikati.

Mama Elda akaonja, akatua kijiko. "Hii asali ya magogoni."

"Ndiyo, mama!" Nidia akajibu kwa furaha.

"Umeipika?" Wilberth aling'aka. "Ile dawa, Nidia! Nimekupa kitu cha heshima, umekitia kwenye oveni!"

"Ulisema ni yangu! Mimi naoka keki, Wilberth. Ukinipa asali, ulidhani nitaivaa?"

Machozi yakamtoka. Akabeba mkoba, akaondoka, na simu akaizima. Alimpenda yule kijana, na sasa aliamini amempoteza, tena mbele ya mama yake.

Kesho yake mlango ukagongwa. Alikuwa Wilberth, shati limekunjamana.

"Mama amenigombeza mpaka majirani wakachungulia."

"Kwa ajili ya asali yake?"

"Kwa ajili yako! Keki kaimaliza kwa kijiko. Akaniuliza, 'Ulimwambia binti wa watu maana ya kile kichupa?' Ndiyo nimekuja kukwambia."

"Maana yake nini?"

Wilberth akakuna kichwa. "Kwetu asali ile anapewa mtu wa nyumbani tu. Nilidhani utaelewa."

"Nielewe nini? Sema wewe, chupa haina mdomo."

"Nakupenda, Nidia. Nataka uwe mke wangu. Na unisamehe kwa kukufokea."

Nidia alijaribu kununa, kicheko kikamshinda. "Sasa hayo yalikushinda nini kabla sijawasha oveni?" Akamshika kola, akamvuta karibu. "Nimekubali, mjinga wangu."

Kengele ya baiskeli ikalia barabarani. Kwenye teksi ya baiskeli ya magurudumu matatu, chini ya mwavuli, alikaa Mama Elda.

"Wilberth! Amekubali au hajakubali? Jua linaniua huku!"

"Amekubali, mama!"

"Basi wewe toka hapo mlangoni," Mama Elda akasema, akiteremka na kukusanya gauni lake, "nipite nimwone binti yangu."